Kombe Lisiwe Mgeni wa Siku Mbili

Kati ya mashindano yote ya mpira wa miguu, hakuna yanayompa mnyonge nafasi kama mashindano ya mtoano. Katika ligi, timu yenye fedha ikijikwaa leo hupata kesho ya kujisahihisha, na mwisho wa msimu wingi wa wachezaji na unene wa mfuko ndivyo vinavyotoa hukumu. Katika kombe hakuna kesho. Ni dakika 90, na ikilazimu ni mikwaju ya penalti. Aliyeshindwa hufunga mizigo, aliyeshinda huendelea. Ndiyo sababu wafanyakazi na wakulima hulipenda kombe. Humo huona kwamba mkubwa naye aweza kuulizwa swali na mdogo, na akakosa jibu.

Leo twapenda kusema neno juu ya Kombe la Shirikisho la Tanzania, na twapenda kulitazama kutoka kusini, kutoka Likunja na kata nyingine za Wilaya ya Ruangwa, Mkoa wa Lindi. Hatukuchagua huko kwa kubahatisha. Wilaya hiyo ya wakulima wa korosho, ufuta na mbaazi ilipata kusimama katika fainali ya kombe hilo, na mambo yaliyotokea kabla na baada ya siku ile ni somo kwa kila mji mdogo wa nchi yetu.

Kombe hili lilirudishwa katika msimu wa 2015/16 baada ya kulala kwa miaka mingi. Halikuchelewa kuonyesha tabia yake. Mwezi wa Aprili 2017, Mbao ya Mwanza, iliyokuwa katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu, iliwatoa Yanga kwa bao 1-0 katika nusu fainali. Desemba ya mwaka huohuo Simba, ambao ndio waliokuwa wakilishikilia kombe, walitolewa kwa penalti na Green Warriors, timu ya Daraja la Pili. Desemba 2018 Simba haohao walifungwa mabao 3-2 katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, na Mashujaa ya Kigoma, timu ambayo wakati ule haikuwa hata katika Ligi Kuu. Siku kama hizo mfanyakazi wa Kigoma aliingia kazini asubuhi akiwa na kichwa juu, na hakuna mtu aliyethubutu kumwuliza kwa nini.

Kisha ikaja zamu ya Ruangwa. Timu ya Namungo, ambayo mashabiki waliipa jina la Wauaji wa Kusini, ilipanda Ligi Kuu katika msimu wa 2019/20. Msimu huo wa kwanza ikamaliza katika nafasi ya nne, nyuma ya Simba, Yanga na Azam. Katika kombe ikavuka hatua moja baada ya nyingine. Nusu fainali iliitoa Sahare All Stars ya Tanga, timu ya Daraja la Kwanza ambayo nayo ilikuwa imefika mbali kuliko watu walivyotazamia. Tarehe 2 Agosti 2020 Namungo ikakutana na Simba katika fainali mjini Sumbawanga, pembe ya pili kabisa ya nchi. Simba walishinda mabao 2-1.

Namungo hawakurudi mikono mitupu. Kwa kuwa Simba walikuwa pia mabingwa wa Ligi Kuu, na hivyo wakaenda katika mashindano ya mabingwa wa Afrika, nafasi ya Tanzania katika Kombe la Shirikisho la Afrika iliwaangukia wao. Yaliyofuata yanajulikana. Mwezi wa Februari 2021 timu hiyo ilikwenda Angola kucheza na 1º de Agosto, ikazuiwa huko kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na mchezo ukavunjika. Ikaamriwa michezo yote miwili ichezwe Dar es Salaam. Namungo ikashinda wa kwanza kwa mabao 6-2, ikafungwa wa pili 3-1, na ikaingia hatua ya makundi kwa jumla ya mabao 7-5. Katika kundi ilikutana na Raja Casablanca ya Moroko, ambayo mwishowe ilitwaa kombe lenyewe, pamoja na Pyramids ya Misri na Nkana ya Zambia. Namungo ilimaliza ya mwisho. Lakini timu ya wilaya ambayo miaka miwili kabla yake haikuwa katika Ligi Kuu ilikuwa imekaa meza moja na wakubwa wa bara hili.

Hapo ndipo watu wengi humaliza hadithi, wakapiga makofi na kwenda zao. Sisi twataka kuendelea, maana jambo tunalotaka kulisema liko mbele ya hapo.

Hebu tutazame timu tatu zilizoshindwa katika fainali kabla ya Namungo. Mwaka 2017 ilikuwa Mbao ya Mwanza, iliyofungwa na Simba mabao 2-1 mjini Dodoma. Mwaka 2018 ilikuwa Singida United, iliyofungwa na Mtibwa Sugar mabao 3-2 mjini Arusha. Mwaka 2019 ilikuwa Lipuli ya Iringa, iliyofungwa na Azam 1-0 katika Uwanja wa Ilulu mjini Lindi, karibu kabisa na ndugu zetu wa Ruangwa. Timu zote hizo tatu zilishangiliwa na nchi nzima. Timu zote hizo tatu zilishuka kutoka Ligi Kuu mwishoni mwa msimu wa 2019/20, msimu uleule ambao Namungo ilifika fainali. Singida United na Lipuli zilishuka moja kwa moja; Mbao ilishushwa na Ihefu katika michezo ya mchujo. Mpaka msimu wa 2024/25 ulipokwisha, hakuna hata moja iliyokuwa imerudi.

Na hao Ihefu walioishusha Mbao? Walikuwa timu ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya, nchi ya mashamba ya mpunga. Miaka michache baadaye timu ilihamishiwa Singida, na mwaka 2024 ikabadilishwa jina ikaitwa Singida Black Stars. Kwa jina hilo jipya ilifika fainali ya kombe mwaka 2025 huko Zanzibar, ikafungwa na Yanga mabao 2-0. Sisi hatuwalaumu watu wa Singida kwa kupenda mpira, wala hatusemi kwamba sheria imevunjwa. Twauliza tu: yule mkulima wa Mbarali aliyelipa kiingilio kuishangilia timu yake ilipokuwa changa, siku ya fainali alishangilia nini?

Swali hili si dogo. Watu wa Nachingwea na Ruangwa wanalijua jibu lake kuliko watu wengine, kwa sababu walilisoma katika ardhi yao wenyewe. Kati ya 1947 na 1951 serikali ya Uingereza ilileta Nachingwea mpango mkubwa wa kulima karanga. Mitambo ilishushwa, misitu ikang'olewa, bandari ikachimbwa Mtwara, reli ikajengwa kutoka pwani kwenda bara. Fedha zilizomwagwa hazikuwa na mfano. Lakini mpango ule ulipangwa mbali, na watu walioijua mvua na udongo wa mahali pale hawakuulizwa. Karanga hazikuota kama ilivyotazamiwa, wenye mpango wakaondoka, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 hata reli ilifungwa. Kitu kilicholetwa na mtu kutoka nje kwa fedha yake, kikiwa hakina mizizi kwa wenyeji, siku mwenyewe akichoka huondoka nacho.

Timu ya mpira nayo ni hivyohivyo. Timu isimamayo juu ya mfadhili mmoja, awe tajiri, awe kiongozi, iwe kampuni, ni reli ya karanga. Itakwenda kwa kasi maadamu aliyeijenga bado anapenda. Akifilisika, akihama, akimaliza muda wake wa uongozi, au akichoka tu, wachezaji watakaa miezi bila mishahara, kocha ataondoka usiku, na mji utabaki na jezi kuukuu na kumbukumbu ya siku moja.

Kinyume chake twaweza kukiona Turiani, Mkoa wa Morogoro. Mtibwa Sugar ni timu iliyozaliwa katika kiwanda cha sukari, kati ya wafanyakazi. Ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mara mbili mfululizo, 1999 na 2000, na mwaka 2018 ikatwaa kombe hili. Mwaka 2024 ilishuka daraja. Wengi walisema imekwisha. Msimu mmoja tu baadaye, 2025, ilikuwa imekwisha kupanda tena. Twaamini sababu haiko mbali: kiwanda kilikuwa palepale, wafanyakazi walikuwa palepale, na timu ilikuwa na nyumba ya kurudi. Mwenye kwao hata akianguka huangukia mahali.

Wala jambo hili si la Tanzania peke yake. Mwaka 2000 huko Ufaransa timu ya mji wa bandari wa Calais, ya daraja la nne, iliyokuwa na wachezaji wa ridhaa wanaofanya kazi zao za kila siku, ilifika fainali ya kombe la nchi hiyo na kufungwa na Nantes mabao 2-1. Ufaransa yote iliimba jina la Calais. Mwaka 2017 klabu hiyo ilifungwa kabisa kwa sababu ya madeni. Sifa ya kombe haikulipa deni hata moja.

Tukirudi kwetu, hesabu yatuambia jambo jingine. Tangu 2016 hadi 2025 kombe limechezwa mara 10. Yanga wamelitwaa mara 5, Simba mara 3, Azam mara 1, na Mtibwa mara 1. Maana yake makombe 9 kati ya 10 yamekwenda Dar es Salaam. Mtoano hufungua mlango kwa wote, lakini ufunguo wa chumba cha ndani bado uko mikononi mwa wachache.

Yupo atakayesema: hiyo ndiyo nguvu ya fedha, na mpira wa leo ni fedha, acheni kuota. Twamjibu kwamba fedha ni kweli. Mapenzi peke yake hayanunui viatu wala hayalipi nauli ya kutoka Ruangwa hadi Sumbawanga. Wadhamini na wakaribishwe. Lakini mtu huyo asisahau kwamba Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 hazikuanza na matajiri wa leo. Zilianzishwa na vijana wa Dar es Salaam, zikakua kwa kadi za wanachama na michango ya watu wa kawaida. Wafadhili wengi wamekuja na kuondoka tangu siku hizo, na klabu zote mbili zimewaona wakipita. Zimebaki kwa sababu mtu mwenye kadi, ambaye baba yake na babu yake walikuwa na kadi, haiachi timu kwa kuwa tajiri fulani ameondoka. Nguvu yao ya kwanza ni hiyo, na hiyo haihitaji mgodi wa dhahabu. Hata Ruangwa yaweza kuwa nayo.

Basi twatoa ushauri wetu kama ifuatavyo.

Kwanza, twalipongeza Shirikisho la Mpira wa Miguu kwa kuitembeza fainali. Dodoma, Arusha, Lindi, Sumbawanga, Kigoma, Tanga na Zanzibar zote zimeiona. Huo ni uungwana kwa wananchi wa mikoa. Lakini fainali ni siku moja. Uzito mkubwa zaidi uko katika hatua za mwanzo za mtoano. Wenzetu wa Ufaransa wana kanuni kwamba timu iliyo chini kwa madaraja mawili au zaidi ndiyo icheze nyumbani. Yafaa kanuni ya namna hiyo iwe nguzo ya kombe letu. Mkubwa akienda kwa mdogo, kiingilio hubaki kwa mdogo, mama lishe hupata kuuza, nyumba za wageni hujaa, na mtoto wa kijijini humwona kwa macho yake mchezaji aliyezoea kumsikia redioni tu.

Pili, viwanja. Ruangwa ina Uwanja wa Majaliwa, uliopewa jina la Ndugu Kassim Majaliwa, aliyekuwa mbunge wa Ruangwa tangu 2010 hadi 2025 na Waziri Mkuu tangu 2015 hadi 2025. Hata hivyo, Namungo ilipofika katika mashindano ya Afrika ilicheza michezo yake ya nyumbani Dar es Salaam. Watu wa Ruangwa walishinda bila kuona ushindi wao. Miji mingi ina shida hiyo. Na chini ya viwanja hivyo vikubwa viko vile vidogo vya vijiji na kata, ambavyo kila mwaka humegwa kidogo kidogo vikawa viwanja vya nyumba na vibanda. Halmashauri yoyote inayouza uwanja wa watoto inauza fainali ya miaka ishirini ijayo. Viwanja hivyo vipimwe, viandikwe, visiguswe.

Tatu, timu isihamishwe wala isibadilishwe jina bila mkutano wa wanachama wake. Timu ni mali ya watu walioilea. Akitokea mnunuzi, na aje mbele ya watu, mchana, aseme anataka nini na atatoa nini. Wanachama wakikubali, vema. Wakikataa, aanzishe timu yake mwenyewe.

Nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote, wafanyakazi na wakulima wachukue kadi. Ndugu zetu wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale wana chama kikuu cha ushirika, RUNALI, na kila kijiji kinajua chama cha msingi ni nini. Wanajua kupeleka ufuta na korosho ghalani, kungoja mnada, kusikiliza bei, na kukataa bei isiyofaa. Watu wanaojua kuuza mazao yao kwa pamoja hawawezi kushindwa kumiliki timu kwa pamoja. Hatusemi mkulima akatwe fedha katika mauzo yake. Mkulima amekwisha kukatwa vya kutosha, na mchango wa lazima huzaa chuki mahali pa mapenzi. Twasema auziwe kadi kwa bei anayoiweza, aichukue kwa hiari yake. Kadi hiyo impe sauti: achague viongozi, asomewe hesabu za mapato na matumizi kila mwaka, aulize fedha za kumwuza mchezaji zimekwenda wapi. Mwalimu, muuguzi, dereva, fundi, mchimbaji na karani nao wafanye vivyo hivyo. Kadi elfu tano za watu wa kawaida ni ukuta imara kuliko hundi moja ya tajiri, kwa maana watu elfu tano hawahami siku moja.

Tunajua ubishi utakaotokea. Viongozi wengine wa timu hawapendi wanachama wengi, kwa kuwa wanachama huuliza maswali. Ni rahisi zaidi kumpigia simu mfadhili mmoja kuliko kuitisha mkutano wa watu elfu. Lakini kiongozi anayeogopa kusoma hesabu mbele ya watu hafai kushika fedha zao, na wanachama wasione haya kumwambia hivyo. Kadhalika wapo wanachama wanaotaka kupiga kura bila kulipa ada, na kuvunja viti timu inapofungwa. Hao nao hawajengi. Haki ya kuuliza huja pamoja na wajibu wa kutoa.

Twaisifu Namungo kwa jambo moja lililo kubwa kuliko fainali yenyewe. Timu tatu zilizoitangulia zilianguka, lakini yenyewe, tangu ilipopanda 2019, ilimaliza msimu wa 2024/25 ikiwa bado katika Ligi Kuu. Huo ni ustahimilivu. Sasa kazi iliyobaki ni kuugeuza ustahimilivu huo uwe mizizi, ili timu isitegemee jina la mtu yeyote, hata awe mwema kiasi gani. Watu wema nao hustaafu.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kombe limekwisha kuitembelea Ruangwa, likapokewa kwa ngoma na vigelegele, na hilo lilikuwa haki yake. Siku mbili zimepita. Sasa lipewe jembe: kadi ziandikwe, hesabu zisomwe, viwanja vya watoto vilindwe kuanzia Likunja hadi Nachingwea. Hapo, timu ya kusini itakapoingia tena fainali, haitakwenda kama mgeni anayestaajabu nyumba ya wengine. Itakwenda kama mkulima aendaye kuvuna alichokipanda.